Nani Alimfundisha Mganga Wako? Historia fupi ya kusomea uganga, kutoka Ngarambe hadi bonde letu la Kilombero

SEHEMU YA 1: Swali lenyewe

 

Mfululizo huu umetokana na swali ambalo vijana wananiuliza kwa njia mbili. Wa kwanza ananiambia: "Dada nesi, bibi yangu alikuwa mganga, mimi naota ndoto, nataka kujifunza kazi hii. Naanzia wapi?" Wa pili ameona kwenye simu dini ya Wazungu inayoitwa Wicca, wenye mishumaa, majani na mwezi mpevu, na kuna mtu mtandaoni anamwambia atume hela apewe cheti cha "ngazi ya kwanza". Anauliza kama ni kweli au anapigwa.

Mimi ni nesi. Sifundishi uganga wala sihubiri dini. Lakini maswali haya mawili ni swali moja: mtu anayeanza atamjuaje mwalimu wa kweli? Na swali hilo lina historia ndefu hapa bondeni, historia yenye makaburi. Ndiyo maana nimeona tusijibu haraka haraka. Twende taratibu, sehemu sita.

Kwanza tuweke maneno sawa, maana hapa ndipo wengi wanapotelea.

Mganga ni anayetibu. Mchawi ni anayedhuru kwa siri. Mpiga ramli ni anayetafuta chanzo cha tatizo. Kwetu hakuna "mchawi mwema". Ukisema mchawi, umeshamhukumu mtu. Sasa Wicca ilipozaliwa Uingereza, wenyewe walijiita kwa neno la Kiingereza ambalo sisi tunalitafsiri "wachawi". Wao wanamaanisha watu wa ibada, wanaoheshimu misimu na mwezi, wenye mungu wa kiume na wa kike. Ukileta neno hilo Malinyi na kulitafsiri moja kwa moja, umejichongea mwenyewe.

Na si majirani tu. Sheria ya Uchawi ya Tanzania, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 na bado ipo, inamhesabia kosa mtu anayejitangaza kwa maneno au vitendo kuwa ana nguvu za uchawi, na hata anayekutwa na vifaa vyake. Tafsiri yake ya uchawi ni pana sana, inagusa kila anayedai kuwa na nguvu au maarifa ya siri. Kwa hiyo kijana anayejirekodi video akisema "mimi ni mchawi" kwa sababu ameona Mmarekani anafanya hivyo, ajue Mmarekani yule anaishi chini ya sheria nyingine na majirani wengine.

Kumbukeni pia kwamba nchini kwetu kuna bibi vizee waliouawa, hasa kule Kanda ya Ziwa, kwa kuwa na macho mekundu tu, macho yaliyoungua na moshi wa kuni kwa miaka hamsini. Neno hili si la kuchezea.

SEHEMU YA 2: Zamani mtu aliingiaje kwenye uganga?

Ukiwauliza wazee wa huku, Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wangindo, na ukisoma waliyoandika watafiti waliokaa nao, unakuta milango ni minne, na mara nyingi mtu alipita zaidi ya mmoja.

Mlango wa kwanza ni kurithi. Babu au bibi anamwona mjukuu mmoja ana utulivu, anamchukua porini. Mtoto anabeba jembe la kuchimbia mizizi. Anajifunza mti huu unachimbwa upande gani, saa ngapi, unachemshwa au unalowekwa, na upi unafanana nao lakini unaua. Baadaye anarithi mkoba. Ndiyo maana mpaka leo tunasema fulani "kaachiwa mkoba".

Wa pili ni kuugua. Mtu anaumwa muda mrefu, anapelekwa kwa mganga, anaambiwa pepo wanataka kiti. Anachezewa ngoma, anapona, anabaki pale kama mtoto wa mganga. Aliingia akiwa mgonjwa, akatoka akiwa mwanafunzi.

Wa tatu ni ndoto. Marehemu wa ukoo anamwonyesha dawa.

Wa nne ni kutumikia tu. Hana ukoo wa uganga, hana pepo, ila amekaa na mganga, akamlimia shamba, akamtwangia dawa, mpaka akaaminiwa.

Kwa Wapogoro kulikuwa pia na wale walioitwa wambui, watu wa matambiko ya ardhi, wanaosema na mizimu ya nchi juu ya mvua na mavuno. Hao hawakuwa waganga wa mtu mmoja mmoja, kazi yao ilikuwa ya jamii nzima, na hakuna aliyeamka asubuhi akajiteua.

Sasa angalieni jambo moja. Katika milango yote minne, hata ule wa ndoto, mtu hakujipa cheti mwenyewe. Aliyeota aliisimulia ndoto kwa wakubwa, wakaipima. Aliyerithi alionekana na kijiji kizima akienda porini na babu yake tangu mdogo. Aliyechezewa ngoma, alichezewa mbele ya watu. Ukiuliza "huyu kafundishwa na nani?", watu kumi wangekujibu jibu moja.

Hela nayo ilikuwa na mpangilio wake. Mara nyingi kulikuwa na ada ndogo ya kuanzia, na shukrani kubwa ilikuja mgonjwa akishapona: kuku, mbuzi, shuka. Aliyetibu vibaya alikosa shukrani, na habari zikaenea kisimani. Ule ulikuwa ukaguzi, ingawa haukuwa na mhuri.

Sisemi zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Wapo walioharibu, watoto walikufa, watu walisingiziwa. Nasema kulikuwa na mnyororo: mwalimu, muda, mashahidi. Ukishika mnyororo huo mkononi, historia inayofuata utaielewa vizuri.

SEHEMU YA 3: Mwaka 1905, dawa ilipokimbia kuliko mwalimu

Shuleni tumesoma Maji Maji kama vita. Leo naomba tuisome kama historia ya mafunzo.

Mwaka 1904 kule Ngarambe, upande wa Rufiji na Kilwa, mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale alishikwa na roho iliyoitwa Hongo. Wazee waliohojiwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 walisimulia kwamba aliingia kwenye maji, akakaa humo, akatoka akiwa mkavu, akaanza kusema. Watu wakamiminika Ngarambe kutoka kila upande. Alitoa dawa ya maji, iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama, akasema risasi za Mjerumani hazitawapata.

Mimi simdhihaki Kinjikitile. Aliwaunganisha watu wa makabila mengi waliokuwa wakipigwa viboko kwenye mashamba ya pamba, jambo ambalo hakuna chifu aliyeliweza. Shabaha yangu ni namna dawa ilivyosafiri.

Kinjikitile alikuwa mmoja. Dawa ilibebwa na wajumbe, nao wakaitwa hongo. Vita vilianza Julai 1905 kule Umatumbi kwa kung'oa pamba, na tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile pale Mohoro. Lakini maji yalikuwa yameshatoka. Hongo walitembea vijiji kwa vijiji, na kila hongo alikuwa na miiko yake: huyu anakataza kulala na mke, yule anakataza kupora, mwingine anakataza kutazama nyuma. Mwalimu amekufa. Nani angesema huyu ni hongo wa kweli na huyu ni wa njiani? Hakuna. Mtu akija na kibuyu na maneno makali, anaaminiwa.

Maji yakafika kwetu. Wapogoro na Wambunga wakayapokea, na tarehe 30 Agosti 1905 maelfu wakaipanda boma ya Mahenge. Pale juu Wajerumani walikuwa na bunduki za rashasha. Watu walikwenda mbele wakiamini. Mnajua kilichotokea. Wazee wetu wengi walilala pale mlimani siku moja.

Na dawa iliposhindwa, jibu lilikuwa nini? Kwamba walioanguka walivunja miiko. Yaani mgonjwa ndiye mwenye makosa, dawa haina kosa. Likumbukeni jibu hilo, tutakutana nalo tena.

Baada ya hapo Wajerumani walichoma mazao na maghala, ikaja njaa. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu za kusini na bonde hili zilibaki na vijiji vitupu, na wanyama pori wakarudi palipokuwa mashamba.

Waliokufa Mahenge hawakuwa wajinga. Walikuwa na kiu ya haki. Mtu mwenye kiu hana muda wa kuuliza maji haya yametoka kwa nani. Ndiyo maana matapeli wa dawa na wa mafunzo huwa hawaendi kwa mtu aliyetulia, wanamfuata mwenye kiu.

SEHEMU YA 4: Kalembwana wa Ihowanja

Mwingereza alipochukua nchi, alileta Sheria ya Uchawi niliyoitaja. Sheria ilimkataza mtu kumtaja mwenzake kuwa mchawi. Nia yake inaeleweka, lakini wanakijiji waliona kinyume: serikali inamlinda mchawi. Hofu haikuondoka, ilikosa mahali pa kwenda. Ndipo kwa vipindi wakatokea waganga wakubwa wa kusafisha watu, wanaopita nchi kwa nchi. Katika miaka ya 1920 huku Ulanga alikuwa Ngoja bin Kimeta, aliyekusanya watu kunywa dawa ya kuondoa uchawi. Wakati huo, na kwa miaka mingi baadaye, Malinyi yetu ilikuwa ndani ya Ulanga, haijawa wilaya.

Mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu ya wazazi wetu ni Bibi Kalembwana wa Ihowanja. Miaka ya 1980 na 1990 jina lake lilijulikana mpaka mbali. Mtafiti Maia Green aliishi Ulanga na kuandika juu yake, na baadaye yeye na Mtanzania Simon Mesaki wakaandika jinsi watu walivyoanza kupaita pale Ihowanja "saluni". Kwa nini saluni? Kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa kunyolewa nywele. Watu walisema tu, "wameenda kunyolewa".

Sitaki kubishana kama dawa ile ilifanya kazi. Mimi nauliza swali letu: kwa nini watu walimwamini kuliko wengine wengi waliojitangaza? Nionavyo mimi, mambo matatu.

La kwanza, kazi ilikuwa wazi. Alikaa mahali pamoja, miaka mingi, kila mtu anamjua. Hakuwa wa kupita usiku na kuhama asubuhi.

La pili, aliyetuhumiwa na aliyetuhumu wote wawili walinyolewa, kwa dawa ile ile. Hebu fikirini hekima iliyomo. Ukimsingizia shangazi yako, na wewe unakaa kwenye kigoda, wembe unapita. Mnarudi nyumbani wote vipara, kesi imeisha. Sehemu nyingine za nchi, tuhuma kama ile ingeishia kwa panga.

La tatu, serikali za vijiji zilihusishwa, watu wakienda na barua. Mashahidi walikuwepo.

Kanisa Katoliki, ambalo lina mizizi mirefu hapa tangu Wabenediktini na kisha Wakapuchini, halikufurahishwa, na waumini wengi walikwenda wakijua watakosana na padri. Na mimi kama nesi nina neno langu: wembe unaopita kichwa hiki na kile ni njia ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Popote mnaponyolewa, kwa mganga au kinyozi wa stendi, wembe wako uwe mpya.

Pia nisiwadanganye kwamba ilikuwa safi kabisa. Wapo walioburutwa kwenda kunyolewa bila hiari yao, na kulazimishwa ni aibu hata ukirudi mzima. Lakini ukilinganisha na wanaoishi kwa kutaja majina ya watu, tofauti ni kubwa. Kijana unayetafuta mwalimu, hii ni alama ya kwanza: mwalimu anayekufundisha kumtaja jirani yako hakufundishi kutibu, anakufundisha kuua.

SEHEMU YA 5: Shule ya pili inafika bondeni

Mwaka 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge. Alikuta wagonjwa wametengwa, wengine wameungua motoni kwa sababu mtu akianguka jikoni watu waliogopa kumgusa, wakiamini mate yake yanaambukiza. Hakuja kuwatukana waganga. Alisikiliza wenyeji wanavyokieleza kifafa, kisha akatoa vidonge na, muhimu zaidi, akawa anahesabu: huyu alianguka mara ngapi kabla, mara ngapi baada. Wagonjwa walipopata nafuu, watu wenyewe walileta wengine. Kazi ile iliendelea miongo mingi, na baadaye watafiti wakakihusisha kifafa cha Mahenge na usubi, ugonjwa unaoletwa na wale nzi wadogo wa mitoni.

Ifakara nako, Mswisi Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara mwaka 1957, ambayo leo imekua kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1961 kikaanza kituo cha kufundisha watumishi wa afya wa vijijini. Na Hospitali ya Mtakatifu Francis ndiyo wengi wetu tulizaliwa au kuzaliwa watoto wetu.

Shule hii ya pili ilileta nini ambacho ya kwanza haikuwa nacho? Watu husema ni sindano na vipimo. Mimi naona kubwa ni daftari. Mwalimu anajulikana, muda wa kusoma unajulikana, makosa yanaandikwa. Mimi siwezi kukushika mshipa bila leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukinitilia shaka, namba yangu ipo, unaweza kuiulizia. Nilipokuwa mwanafunzi sikuachwa na mgonjwa peke yangu mpaka mkubwa wangu aliponishuhudia. Ukiangalia vizuri ni mnyororo ule ule wa babu na mjukuu porini: mwalimu, muda, mashahidi. Kilichoongezeka ni karatasi.

Na kuna jambo moja zaidi: kujua mwisho wako. Nikishindwa, naandika rufaa. Nesi asiyejua kusema "hii siiwezi, mpelekeni mbele" ni hatari hata awe na vyeti ukuta mzima.

Hapa ndipo niseme la degedege. Watafiti wa afya wameliandika kwa miaka mingi, na sisi wauguzi tunaliona kila msimu wa mvua. Mtoto ana homa, anakakamaa, macho yanapinduka. Familia inasema degedege, inamchoma moshi wa kinyesi cha tembo, na inaogopa hospitali kwa sababu imeambiwa sindano itamuua. Wengi wa watoto hao wana malaria kali. Kila saa inayopita ni ubongo unaoharibika.

Wapo waganga wa bondeni humu humu ambao wakiona mtoto hivyo wanasema, "Mbebeni mkimbie hospitali, mengine tutayafanya baadaye." Na wapo wanaomshika siku tatu. Wote wanaitwa waganga. Wa kwanza alifundishwa mahali kazi yake inapokoma, wa pili hakufundishwa, au alifundishwa akasahau kwa sababu ya hela. Mtoto akifa, huyo wa pili atasema mama alivunja mwiko. Mnakumbuka nilisema tutakutana tena na jibu hilo?

SEHEMU YA 6: Leo, unayetaka kuanza

Baada ya Uhuru serikali haikuupuuza uganga. Mwaka 1974 kilianzishwa pale Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23, iliyounda Baraza la kusajili waganga. Anayeomba usajili anaanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa anakoishi, anapita kwa mratibu wa tiba asili wa wilaya, kisha mkoa, kisha Baraza. Mnaona? Sheria imerudi kule kule kwa wazee: kwanza wanaokujua waseme wanakujua.

Lakini biashara huria ilishakuja na kuvunja mnyororo. Mganga wa leo anahama mkoa, anabandika kibao kwenye nguzo ya umeme na namba ya simu: mapenzi, kazi, utajiri, nyota. Hakuna anayemjua babu yake. Matokeo tuliyaona kwenye mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, mpaka Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akafuta leseni za waganga wote. Waliotibu kwa uaminifu waliadhibiwa pamoja na wauaji, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwatofautisha kwa haraka. Hiyo ndiyo gharama ya taaluma isiyojua nani kamfundisha nani.

Mwaka 2011 nchi nzima ilikimbilia Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kikombe shilingi 500. Cheti chake kilikuwa ndoto. Bei ilikuwa ndogo na hakumtaja mtu mchawi, hilo tumpe haki yake. Lakini wapo walioacha dawa za kufubaza virusi baada ya kunywa, na dawa zile ukiziacha mwili hausubiri ndoto.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa Wicca. Ndugu yangu, dini hiyo ilianza kujulikana Uingereza baada ya sheria yao ya zamani ya uchawi kufutwa mwaka 1951. Mtumishi mstaafu wa forodha, Gerald Gardner, alitoa kitabu mwaka 1954, akisema aliingizwa na kikundi cha zamani mwaka 1939. Mwanahistoria Ronald Hutton alichunguza na kuandika mwaka 1999 kwamba dini hii ni ya karne ya 20, ingawa imeshona vipande vya zamani. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuambia mafunzo yake hayajabadilika tangu enzi za mawe, huyo hajasoma hata historia ya dini yake.

Ninachotaka ukione ni hiki. Katika njia ya Gardner, huingii mpaka uingizwe na aliyeingizwa. Kuna ngazi tatu, na wengi hungoja mwaka mmoja na siku moja kabla ya hatua ya kwanza. Na kwa desturi yao kuingizwa hakuuzwi. Baadaye, kuanzia miaka ya 1970, vilitoka vitabu vya mtu kujiingiza mwenyewe, na wenyewe kwa wenyewe wanabishana mpaka leo: je, asiye na mwalimu ni mwenzetu? Wapo wanaosema ndiyo, kama anaabudu kwa moyo wake nyumbani. Hilo ni la kwao. Lakini hata hao hawasemi ununue ngazi kwa njia ya simu. Kwa hiyo yule anayekuuzia cheti amewakosea hata wenye Wicca.

Kwa wote wawili, wa mkoba wa bibi na wa simu, haya ndiyo maswali ninayoyatoa kwenye historia yetu. Muulize anayetaka kukufundisha, na usione haya, kuuliza si ujinga.

Moja. Nani alikufundisha, na nani mwingine anajua hilo? Ndoto ni sawa, ila nani aliipima?

Mbili. Ulitumikia muda gani kabla ya kushika mgonjwa peke yako? Anayekuahidi uganga kwa wiki mbili anakufanya hongo wa njiani.

Tatu. Majirani zako wanasemaje? Nenda kijijini kwake, kaa kwenye kilabu au barazani, sikiliza. Muulize mwenyekiti kama anamjua na kama amesajiliwa.

Nne. Nini huwezi kutibu? Hili ndilo kubwa. Mwalimu wa kweli ana orodha: mtoto anayekakamaa, mama anayetoka damu, mtu aliyegongwa na nyoka, mgonjwa aliye kwenye dawa za kufubaza. Asiye na orodha, usikae naye hata siku moja.

Tano. Hela inatoka lini? Ikidaiwa yote mbele, na ikiongezeka kila hatua, toka.

Sita. Dawa ikishindwa, kosa ni la nani? Kama siku zote ni la mgonjwa, umeshalisikia jibu hilo tangu Mahenge.

Kama bado una nia, anza hivi. Kama una mzee wa ukoo anayejua miti, mfuate porini, andika kwenye daftari jina la mti, sehemu inayotumika, kipimo, na madhara uliyoyaona. Wazee wanaondoka na msitu nao unakatwa, na maarifa hayo yakipotea hayarudi. Nenda ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, umuulize mratibu wa tiba asili, kazi yake ni hiyo na hutozwi hela kwa kuuliza. Na kama moyo wako uko kwenye kutibu watu hasa, basi fikiria pia vyuo vya afya, Ifakara si mbali. Nina wenzangu wodini ambao bibi zao walikuwa wakunga wa jadi, na mikono ile ile unaiona.

Wazee husema mganga hajigangi. Mimi naongeza kwamba hajifundishi pia. Anafundishwa na mtu, kwa muda, mbele ya watu. Asiyeweza kukuonyesha hayo matatu, mwache aende zake, na hela yako ibaki mfukoni.

Mtoto akikakamaa usiku huu, usisubiri kesho. Mbebe, njooni.

Nesi wenu, Malinyi.